Rhoda na Matege ya Karagita

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha afya karibu na mtaa wa Karagita, penye mashamba ya maua, nilimkuta mwenzangu Rhoda amefika kabla yangu na tayari wauguzi wanacheka naye kama ndugu. Sote tulikuwa maafisa wa lishe wapya, tumetoka chuo kimoja. Alama zangu zilikuwa juu kuliko zake. Nataka mjue hilo.

Kazi ilikuwa kupima watoto na kufundisha akina mama chakula. Nilifundisha vizuri, sijisifu bure. Kalsiamu, madini yanayoupa mfupa ugumu, niliwaonyesha kwenye maziwa, mboga za managu na omena, dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao. Fosforasi, madini mengine ya mfupa, wangeipata kwa maharagwe na mayai. Akina mama waliitikia, kisha wakienda kuuliza maswali yao wanapanga laini kwa Rhoda. Jamani, niliumia.

Halafu akaja Mama Shiru, mchumaji wa maua, na binti yake miguu imepinda kwa matege. Aliniambia anampa maziwa kila siku. Nikaona ananidanganya, nikamwambia aongeze. Aliporudi, Shiru hata kusimama hawezi. Daktari msimamizi, mtu wa maneno machache, akamkabidhi Rhoda mtoto huyo mbele yangu.

Rhoda wala hakugusia chakula. Aliuliza, "Mathe, ukiwa kazini mtoto anashinda wapi?"

Kumbe anashinda kwa mama anayelea watoto wa wafanyakazi kwa malipo, kwenye chumba kimoja cha kupanga, mlango umefungwa ili watoto wasipotee. Anaingia alfajiri, anatoka giza likiingia. Ngozi ikipata jua, mwili hutengeneza vitamini D, na bila hiyo mwili haufyonzi kalsiamu ya kutosha hata mtoto anywe maziwa namna gani. Hayo niliyajua kumshinda. Ila yeye ndiye aliyeuliza.

Daktari aliandika matone ya vitamini D, naye Rhoda akazunguka mtaani kuwabembeleza walezi watoe watoto nje. Shiru alitembea. Mama yake alipozaa binti wa pili alimpa jina la Rhoda, na kwa desturi yao binti wa pili hupewa jina la nyanya mzaa mama. Nyanya mwenyewe alikubali! Mimi hata kuku hakuna aliyepewa jina langu.

Rhoda akafanywa mkuu wa lishe, mimi nikahamishiwa kituo kidogo cha Ndabibi. Daktari alinieleza waziwazi: "Wewe unajua kitabu. Rhoda anajua watu."

Sasa nimestaafu. Juzi nilienda Nakuru, Milimani, kumwona binti yangu, ambaye mtoto wake anaanza kusimama. Nikamketisha binti nimweleze habari za mifupa.

"Mum, nishampigia Auntie Rhoda," akanikatiza. "Amesema tumtoe nje kwa jua."

Nikamchukua mjukuu wangu, nikamtoa nje mimi mwenyewe, nikamnong'oneza kwamba hili jua ameletewa na nyanyake, na asikubali kuambiwa vingine.