Pembe Chini

Mume wangu alipeleka kabichi Tanga, akarudi na mzigo mrefu uliofungwa kwenye kanga. Nikadhani ni bomba la kumwagilia. "Fungua," akasema, huku anacheka peke yake. Ilikuwa darubini, ya zile zenye lenzi mbele na kijicho cha kuchungulia nyuma. Bomba lake jeupe lilikuwa limechubuka, na mguu mmoja kati ya mitatu umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Aliipata kwenye mnada wa vitu vilivyotumika. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku juu milimani, upande wa Lukozi, na alikuwa amechoka kunikuta uani nimeinua shingo kila baada ya swala ya isha. "Sasa hutavunjika shingo tena," akasema. Wallahi, siku ile nilimpenda upya.

Ilikuwa na kasoro moja. Kile kijisehemu chenye kioo, kinachonyoosha picha, hakikuwamo, kwa hiyo darubini yetu ilionyesha kila kitu kichwa chini miguu juu. Ukiielekeza mchana kwenye mnara wa msikiti, mnara unaning'inia kama popo. Tukazoea. Nyota haina kichwa wala miguu, ina shida gani?

Miezi ya baridi, ukungu ukituachia nafasi, tulitoka na jiko la mkaa na blanketi moja. Kilimia cha kabla ya alfajiri, ambacho kwa macho ni vinyota vichache vimejibana, ndani ya lenzi kilimwagika hata nikashindwa kuvihesabu. Mshtarii, ile sayari kubwa, ilikuwa na miezi yake imepanga mstari kama watoto. Siku tuliyoipata Zohali na pete yake, mume wangu alirudi nyuma, akaenda kuchungulia mbele ya lenzi kuona kama kuna mtu kabandika picha. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baadaye akawa fundi kunizidi mimi. Yeye ndiye aliyekuwa akinikumbusha, "Mwalimu, usiivute huko, humu ndani kulia ndiko kushoto." Naomba hilo mlishike: alijua. Alijua vizuri sana.

Ikafika jioni ya kuutafuta mwezi wa Ramadhani. Kwetu kalenda haitoshi. Lazima jicho la mtu liuone, na aliyeuona aende akashuhudie. Milima yote ilikuwa na mawingu. Jua lilipokwisha kuzama, wingu la upande wa machweo likapasuka kidogo, nami nilikuwa nimeshaiweka darubini tayari. Nikauona. Mwembamba kama ukucha uliokatwa, na kwenye darubini yetu umejifunika, pembe zinatazama chini. Nikamwita mume wangu, akainama, akachungulia, kisha akasema, "Subhanallah. Huu hapa." Nikamuuliza, "Umeuona kweli?" Akasema, "Nimeuona, na nitaapa." Wingu likafunga kabla hatujaweza kuutafuta kwa macho matupu.

Tukateremka msikitini. Wanaume walikuwa wametoka kuswali magharibi, wamekaa barazani wakisubiri habari. Nikawaamkia wazee, shikamoo, shikamoo, nikasimama pembeni kama inavyotakiwa. Sheikh wetu ni mtu mpole, hakunidharau. Akaniuliza swali analoulizwa kila shahidi wa mwezi, "Mwalimu, pembe zake zilitazama wapi?"

Nami nikajibu nilichokiona. "Chini, sheikh."

Jamani! Baraza zima lilipasuka kicheko. Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba huku kwetu mwezi mwandamo hulala kama bakuli, pembe juu. Kulikuwa na mzee mmoja, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Mwezi wa mwalimu umepinduka!" akasema. "Labda ulikuwa na haraka ya kufuturu!"

Nikaanza kueleza. Nikasema darubini inageuza picha, chini ni juu, juu ni chini. Loh, ndiyo kwanza nikawa nimemwaga petroli kwenye moto. "Kumbe inageuza!" wakasema. "Basi itakuwa imegeuza na wingu likawa mwezi." Sikujali. Nilikuwa na shahidi wangu, na kwa desturi ya hapa, katika jambo la mwezi wanamtaka hasa mwanamume. Nikamgeukia. Nikasema, "Waambie."

Sheikh naye akamgeukia. "Haya, mgosi," akasema, kama wanaume wa huku wanavyoitana, "wewe uliuona?"

Mume wangu alikuwa ameshika kofia yake mkononi anaizungusha. Yumo kwenye kamati ya msikiti, na wale wanaocheka ndio anaokaa nao kila Ijumaa. Akasema, "Mimi niliona weupe tu, sheikh. Sina hakika. Mambo ya darubini anayajua mwenyewe."

Aliniruka. Palepale, mbele ya watu, mtu niliyelala naye blanketi moja chini ya nyota. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami miaka yote nawafundisha watoto methali ile nikidhani inahusu kunguni. Sikulia. Nilipanda kilima peke yangu, nikafika jikoni nikavunja mwiko wa ugali kwa hasira. Usiku redio ikasema mwezi haukuonekana popote.

Lakini mimi nilikuwa nimeuona, na aliyeuona hana ruhusa ya kula. Nikala daku peke yangu, nikafunga. Asubuhi nikienda shuleni nikapita kwenye kibanda cha chai cha njia panda. Mume wangu alikuwa amekaa benchi la mbele kabisa, kikombe mkononi, chapati kwenye sahani. Nyumbani kwetu kulikuwa na chai. Alikwenda kunywa pale ili aonekane. Alikuwa ameuona mwezi wa Ramadhani kwa jicho lake, na akala chapati mchana wa Ramadhani ili tu uwongo wake usimame. Macho yetu yakakutana, akashusha yake kwenye kikombe. Nikapita.

Jioni yake mwezi ulisimama juu, mnene, watu wakasema mbona mkubwa, huu ni wa siku mbili. Walisema, wakaingia kuswali tarawehe. Hakuna aliyekuja kwangu. Shuleni wanafunzi wakaanza kuchora mwezi pembe chini kwenye ubao kabla sijaingia darasani. Nilifuta nikafundisha.

Yeye hakuniomba radhi. Aliendelea kuniletea kuni, kunikamulia maziwa, kuniuliza kama nimechoka. Darubini niliifunga kwenye kanga ileile nikaisukuma chini ya kitanda.

Miezi ikapita. Jumatano moja ya likizo ya shule, alfajiri, nikamsikia jikoni anakula viporo gizani. Nikauliza kulikoni. Akasema kwa sauti ya chini, "Nalipa ile siku." Sisi wanawake kulipa tumezoea, hakuna anayeuliza. Lakini mwanamume mzima, mwenye afya, hakusafiri wala hakuugua, akionekana anafunga Jumatano ambayo hata si siku ya sunna, watu watahoji. Akanishika mkono. "Mtu akija, sema naumwa tumbo. Nisitiri, mama."

Nilitaka kumuuliza, Mungu unamlipa, na mimi je? Badala yake nikaenda kuchota maji.

Saa nne akaja yule mzee wa ng'ambo ya mfereji kuomba miche ya kabichi. Nikamwamkia, nikaweka chai mezani, vikombe viwili, maana ndiyo adabu. Mzee akanywa. Mume wangu hakugusa. Mzee akatazama kikombe, akamtazama yeye, akasema, "Mbona hunywi, mgosi? Au umefunga leo?"

Mume wangu akanitazama mimi. Alikuwa amekunja vidole mapajani. Neno moja tu kutoka kwangu, kwamba analipa ile siku, na jina langu lingesafishwa mpaka barazani msikitini.

"Tumbo linamsumbua tangu jana," nikasema.

"Ah, pole sana," akasema mzee, akavuta kikombe cha pili upande wake. Hakuuliza lingine. Aliniamini palepale.