Maskara ya Shangazi

Kwetu Chamazi bibi harusi hapelekwi saluni. Hupambwa na shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye somo wa ukoo mzima, anayewafunda mabibi harusi wetu, na hupambwa kwa vitu vya kisanduku chake cha bati. Alirudi nacho kutoka Maskati, alikokuwa akifanya kazi za ndani. Ndani mna poda, rangi za mdomo na maskara moja ya kichupa cha dhahabu. Binamu zangu wanne walipakwa maskara hiyo na wote wametulia kwenye ndoa zao. Ikawa ni baraka, na baraka nani anaitupa.

Mimi nauza vipodozi Mbagala, na kazi hiyo imenifanya mshari. Nikiingia nyumbani kwa mtu nageuza makopo yake, natafuta kale kapicha ka kopo lililo wazi, kenye namba ya miezi unayoruhusiwa ukishafungua. Poda kavu nitakuvumilia hata miaka miwili. Rangi ya mdomo ikitoa jasho au ikinuka mafuta yaliyolala, tupa. Maskara sina mchezo nayo: miezi mitatu basi, maana kila ukichovya brashi unarudisha ndani uchafu wa jicho. Wateja wameshaichoka hotuba hiyo.

Siku mdogo wangu anaolewa, nilikaa kitandani kando yake, yeye kashika kioo. Shangazi alifungua kichupa, brashi ikatoka na mabonge makavu. Hakushtuka. Alidondosha ndani matone matatu ya maji ya mawardi, kama alivyowafanyia wale wanne, akakoroga, akanipa.

"Hebu nishikie, nimfute uso kwanza."

Nikanusa. Ilinuka kama tambara la deki lililosahaulika kwenye ndoo. Ilikuwa ya kutupwa. Lakini dada zake bwana harusi walikuwa wamesimama mlangoni, na shangazi yangu hajawahi kukosolewa mbele ya wageni. Nikajiambia ni siku moja tu. Nikakifunga kichupa, nikamrudishia.

Jioni ukumbini jicho la kulia lilikuwa likimtoka machozi. Watu walisema anawalilia wazazi, wakampigia vigelegele.

Ikafuata fungate huko Kinyerezi, kwa mumewe. Siku saba bibi harusi hatoki nje, na anayemhudumia ni somo. Siku ya pili nilipiga simu, akapokea shangazi.

"Shikamoo shangazi. Jicho lake vipi?"

"Marahaba. Kamevimba kidogo tu, namkanda na maji ya chai."

"Apelekwe hospitali, shangazi."

"Atolewe fungate, watu waseme nini? Nyie wa siku hizi mna haraka."

Ningeweza kumwambia kilichokuwa kwenye kichupa. Sikumwambia. Siku ya tatu simu haikupokewa, ya nne vilevile. Dukani niliziona maskara zimepangwa kwenye kabati la kioo, nikazifunika na kanga.

Siku ya tano nilikodi bodaboda bila kuaga mtu. Nilimkuta kwenye chumba chenye mapazia mawili, kwa kuwa mwanga ulimchoma, kope zimegandana kwa usaha. Nikamtoa vilevile na hina yake mikononi. Daktari alisema kidonda kimeshakula kioo cha jicho, na kwamba tumechelewa.

Leo jicho hilo linaona mwanga tu. Shangazi anasema ni husuda ya watu, na mimi namwacha aamini hivyo. Nikimsahihisha, itabidi nieleze nimejuaje.

Mwezi uliopita alituita mimi na mdogo wangu, akanikabidhi kisanduku.

"Mikono inanitetemeka. Mie basi, sasa wewe ndiye utakayepamba."

Kichupa cha dhahabu bado kilikuwamo. Shangazi alipokwenda jikoni, mdogo wangu alinyoosha mkono, akakipapasa, akakifungua na kukisogeza puani.

"Dada, siku ile nilikuwa nakuangalia kwenye kioo," alisema taratibu. "Nilikuona umenusa."

Akakifunga kichupa.

"Nilikuwa naogopa kupakwa. Ulipofunga ukamrudishia, nikajua iko salama, maana wewe ndiye unayejua haya mambo. Nikamfumbulia macho anipake."