Muuza bunduki anayemngoja mteja aseme hajui

Saa tano asubuhi, mwanamke amesimama mlangoni mwa duka la bunduki karibu na Mnazi Mmoja, mkoba kaukumbatia. Haingii, haondoki.

"Karibu mama, ndani kuna feni," muuzaji, Leodegar Komba, anamwambia. Mwanamke anacheka kidogo, anaingia.

Ni Evarista Haule, muuza vitenge wa Kariakoo. Majambazi walimvamia nyumbani mwezi uliopita. Kibali cha polisi anacho. Anataka bastola, na anaitaka leo.

Leodegar, 52, aliishia darasa la saba Songea, akawa mlinzi mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kabla ya kuingia dukani humu. Anasema mteja mgeni huja na aibu.

"Ukimcheka, anajifanya mjuzi. Hapo umeshamharibu."

Anafungua bastola, anamwonyesha kuwa haina risasi, anailaza mtutu ukitazama ukuta. Kisha ananyamaza, amwachie mteja nafasi ya kuuliza.

Evarista anaigusa kwa ncha ya kidole. Lakini muuzaji mwenza, Awadhi, hajui kunyamaza. "Mama, huo siyo mwiko wa pilau!"

Uso wa Evarista unabadilika. "Najua. Marehemu mume wangu alikuwa nayo."

Anainyakua, kidole moja kwa moja kwenye triga, mtutu kwenye tumbo la Awadhi. Awadhi anazama nyuma ya kaunta. "Mama, nina mke mimi!"

"Si tupu?" anauliza Evarista.

"Kila ukiishika, ihesabu ina risasi," anasema Leodegar kwa upole. "Ilaze taratibu. Awadhi, inuka umwombe mama radhi."

Awadhi anaomba radhi. Leodegar anaendelea.

"Unaishi na nani?"

"Wajukuu wawili."

"Utaiweka wapi?"

"Chini ya mto."

"Basi leo sikuuzii."

Mwenye duka, Nilesh, anainua kichwa. "Leodegar, mteja ana kibali!"

"Kibali kinamruhusu, bosi. Hakimfundishi."

Maneno hayo yanamgharimu. Mshahara wake ni mdogo. Kinachomsaidia ni kamisheni ya kila silaha inayouzwa, na wiki hii hajauza hata moja.

Evarista ameshainuka. Anautazama mlango, kisha anakaa tena.

"Sijui kitu, baba. Hata kuishika naogopa."

"Haya, sasa tunaweza kuanza."

Anamwelekeza kuchomoa magazini, kibebeo cha risasi, na kuhakikisha hakuna risasi iliyobaki ndani, tena na tena, hadi anafanya bila kuelekezwa. Evarista anaondoka bila bastola, akielekea mtaa wa Gerezani kwa fundi wa kuchomelea, amtengenezee sefu ya ukutani ya kuifungia.

Leodegar anataka chumba cha nyuma, kilichojaa makatoni, kiwe cha kuwafundishia wateja wapya kabla ya kuuziwa. Nilesh hajakubali. Jumamosi Leodegar atayahamisha makatoni mwenyewe, halafu amuombe upya.

"Na mwanafunzi wa kwanza nimeshampata," anasema. "Awadhi. Somo lake ni kufunga mdomo."