Macho ya Mwajuma

Kila nikifungua asidi ya kusafishia vigae, ile harufu inayochoma pua hunirudisha kwenye maabara ya sekondari yetu karibu na Ilongero. Watu wengine hukumbuka shule kwa ugali na maharage. Mimi, ndugu msomaji, naikumbuka kwa aibu.

Tulikuwa kidato cha tatu. Mwenzangu wa meza alikuwa Mwajuma, binti wa wafugaji, mwenye sauti ndogo hata mwalimu alilazimika kuinama amsikie. Siku hiyo madam wa kemia alimpa yeye kazi ya kusoma bureti, ule mrija mrefu wa kupimia asidi, ili apate kujiamini. Mimi, niliyezoea kuwa wa kwanza, nikaambiwa niandike tu. Nilinuna.

Mwajuma alisoma 18.6. Nikachungulia meza ya jirani: 24.0. Shuleni kwetu kupika majibu ya maabara kulikuwa ufundi kamili, na mpishi hodari hakunakili kila kitu. Mwajuma alipokwenda kuosha vyombo, nikafuta namba yake na kuandika 24.1.

Kumbe madam alitujua. Kila meza alikuwa ameipa asidi yenye nguvu tofauti. Kesho yake alisema jibu letu limeenda mbali sana, akauliza nani alisoma bureti.

"Mwajuma, madam," nikajibu upesi.

Mwajuma aliinamisha kichwa. "Labda ni macho yangu, madam."

Madam alimwambia kwa upole kwamba watarudia pamoja. Mwajuma hakurudi tena maabara. Kabla muhula haujaisha alihamia mchepuo wa sanaa. Nilipopeleka madaftari ofisini, niliona karatasi ya madam ya majibu sahihi: meza yetu, 18.5. Nilifunga mlango taratibu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu. Wakati ule nilidhani nimepoteza maksi mbili tatu tu. Sikujua mtu anaweza kuacha kuyaamini macho yake mwenyewe maisha yake yote.

Mwaka jana nilimkuta gulioni na binti yake, aliyekuwa akisita kuchagua sayansi. Binti akaniamkia, shikamoo.

"Muulize mama yako mdogo huyu," Mwajuma akamwambia akicheka. "Yeye ndiye alikuwa na kichwa cha maabara. Sisi kwetu hatuna macho ya vipimo."

Nikaitikia marahaba. Binti akanitazama, akisubiri niseme zaidi, nami nikauliza bei ya alizeti.