Saa ya automatic niliyoitoa mahari Kiringye, ikafia kwenye sanduku la baba mkwe

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara, wa pwani na sisi wa ziwani.

Kuna ndugu kauliza humu juzi kama saa ya automatic ya bei ya juu inafaa kuvaliwa kila siku, kazini na sokoni, au iwekwe kabatini ingoje harusi. Nimesoma majibu yenu yote. Wengi mmesema ifichwe. Nimeshindwa kulala na hili jibu, acha nilete la kwangu.

Nitakayosema ni ya kweli. Kama kuna mtu wa Kilibula, mtaa wetu pale Uvira, humu anayenifahamu, akiona nimetia chumvi aniumbue hapa hapa.

Mimi ni fundi cherehani. Uvira, Kongo, miaka ile ya rebellion, vita ya pili. Nilikuwa na mashine mbili, nashona sare za kwaya na nguo za shule, na nilikuwa nimempenda binti wa Kiringye, kule juu kwenye bonde la Ruzizi. Anaitwa Nabintu. Baba yake, Mzee Byamungu, mkulima wa mpunga na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na yote mazito.

Kwetu mahari ni ng'ombe. Hilo halina mjadala.

Lakini miaka ile nani angepeleka ng'ombe bondeni? Unamfikisha asubuhi, jioni wenye bunduki wanamla. Kwa hiyo Mzee Byamungu akamtuma mshenga wetu, Mzee Kashindi, aje kuniambia: "Ngombe balishaisha kukulwa. Mukwe alete kitu ya heshima yenye inaweza kufichwa. Alete saa. Lakini saa ya kweli."

Wakuu, hapo ndipo nilipoanza kujifunza mambo ya saa.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja pale mjini anajiandaa kuvuka ziwa kwenda Kigoma na familia. Alikuwa na saa mbili. Moja ya rangi ya dhahabu, nyembamba, inang'aa hadi unafumba jicho, ila ya betri. Nyingine ya chuma, nzito, uso mweusi, haina mbwembwe yoyote. Automatic, ya brand ambayo siitaji msije mkaanza kubishana.

Rafiki zangu wote walisema chukua ya dhahabu, wakwe wanapenda kinachong'aa. Nikakataa. Betri zilizokuwa zinafika Uvira wakati ule zilikuwa za kubahatisha, leo inatembea kesho imekwisha. Nikataka kitu kisichoomba chochote dukani.

Yule mfanyabiashara hakutaka pesa. Alitaka kitu cha kumlisha ng'ambo. Nikampa mashine yangu ya pili.

Mnasikia? Cherehani nzima, na mguu wake. Mama yangu alikaa siku kadhaa hasemi nami.

Jamaa akaniambia neno moja tu wakati ananipa: "Hii saa haipendi kulala." Nikacheka, nikaona ni maneno ya muuzaji.

Basi tukapeleka mahari. Saa ikapita mkono kwa mkono, kila mjomba akaiweka sikioni, wakatikisa vichwa. Wakaipokea kama ng'ombe kabisa, na ikafanyiwa maombi. Mzee Byamungu akaifunga ndani ya leso nyeupe, akaifunga tena ndani ya shati lake la Pasaka, akaiweka chini kabisa ya sanduku la bati, akatia kufuli. Heshima ya mwisho hiyo. Kitu cha thamani kwetu hakivaliwi ovyo, na wakati wa vita ndiyo kabisa.

Nikampata mke wangu. Nikarudi naye Kilibula nikiwa na furaha ambayo hata bunduki za mlimani sikuzisikia.

Baadaye Nabintu akaenda kwao kusaidia mavuno ya mpunga. Hakurudi.

Aliyekuja ni Mzee Kashindi peke yake, amechoka, kofia mkononi. Akakaa, akaomba maji, akanywa yote ndipo akasema: "Mwanangu, ngombe yako ilikufa."

Mzee Byamungu alikuwa amefungua sanduku Jumapili ili avae saa yake kanisani. Akaikuta imesimama. Akaifunga tena, akangoja Jumapili nyingine. Imesimama palepale.

Sasa wakuu, msicheke. Kwao sheria iko wazi: ng'ombe wa mahari akifa kabla hata hajazoea zizi, mkwe analeta mwingine. Na mpaka alete, binti anakaa kwa baba yake. Hawakunichukia, hawakunitukana. Walifuata sheria tu.

Nilichanganyikiwa. Mashine imebaki moja, ndiyo inayotulisha. Nikaanza kuwaza kuiuza na hiyo. Ndipo Mzee Kashindi akanipa ujumbe wa pili, wa Nabintu mwenyewe, kwa siri:

"Usilete ingine. Ukileta ingine, utakuwa umekubali ya kwanza ilikuwa ya kufa. Na minye nitakuwa niliolewa na kitu ya kufa."

Yarabi! Yule mwanamke! Niliposikia vile nikasimama. Nikasema kumbe mwenzangu anapigana akiwa kule, mimi nakaa huku nahesabu hasara? Siuzi mashine. Siongezi saa. Naenda kumchukua mke wangu kwa saa ileile.

Tukapanda baiskeli, mimi na Mzee Kashindi, bareri baada ya bareri, vile vizuizi vya wenye bunduki barabarani, kila mahali tunatoa sabuni au sigara ndipo tunapita. Tukafika Kiringye.

Wakwe wakakusanyika. Leso ikaletwa, ikafunguliwa mbele ya wote. Nikaichukua ile saa, nikaigeuza geuza mkononi nitazame kama imepasuka mahali.

Ikaanza kutembea.

Nikashangilia kama mjinga. "Mnaona? Mnaona iko hai?" Nikawasogezea masikioni mmoja mmoja.

Hakuna aliyecheka. Mjomba mmoja akarudi nyuma na kiti chake. Mzee Byamungu akaniangalia, kisha akasema, akimwelekea mshenga na si mimi, maana mkwe haongei na baba mkwe uso kwa uso kwenye mambo kama haya:

"Kwangu inakufa. Mu mukono yake inafufuka. Mumuulize hiyo ni kazi ya namna gani."

Balaa. Nimekuja na kesi ya ng'ombe mfu, sasa nina kesi ya uchawi. Mbele ya mzee wa kanisa!

Ndipo nikakumbuka maneno ya yule mfanyabiashara na nikaelewa kitu chote kwa mara moja. Nikamwambia Mzee Kashindi kwa sauti, ili wote wasikie: hii saa haina betri wala dawa. Inakula mwendo wa mkono. Ukiivaa na kutembea inashiba. Ukiilaza inaishi na akiba kidogo, halafu inasimama kwa njaa. Haijafa. Ilifungiwa bila chakula.

Mzee Byamungu akasahau mshenga, akanigeukia mwenyewe: "Sasa weye! Ngombe yenye inakulaka kila siku, unaniletea bila kunionyesha majani yake?"

Ningemwambiaje? Mkwe hamfundishi baba mkwe kuvaa. Ni utovu wa adabu.

"Na minye niivae mu shamba," akaendelea, "hawa ba bunduki banione? Banikate mukono?"

Hapo alikuwa na haki. Bondeni wakati ule saa ya chuma mkononi ilikuwa mwaliko. Nikajitolea niivae mimi, wakakataa, mtu hachungi mahari aliyoitoa mwenyewe. Wakasema labda vijana wapokezane. Wakakataa wenyewe, vijana wataipoteza. Mabishano yakaanza, kila mjomba na lake, na mimi naona mke wangu anazidi kwenda mbali.

Muda wote huo nyuma ya nyumba kulikuwa na mlio wa kinu. Mama Nabintu, mama mkwe wangu, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mlio ukakatika.

"Mu hii nyumba mukono gani haulalake?" akauliza kutoka kulekule jikoni. "Muniletee hiyo saa."

Wakuu, hebu fikirini. Nani atatafuta saa ya kiume ya thamani kwenye mkono wa mama mzee anayetwanga sombe?

Ila kwenye kifundo cha mkono ingeonekana. Akasema itakaa juu, kwenye msuli, ndani ya mkono wa blauzi. Mkanda wa chuma haukutosha huko. Hapo ndipo nilipopata kazi. Siwezi kumgusa mama mkwe, siwezi hata kumkaribia. Nabintu akampima kwa uzi, akaniletea uzi umefungwa fundo. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona tangu aondoke. Alinibana tu kidole wakati ananipa ule uzi. Nikashona mkanda wa kitenge, mara mbili, uzi wa sare za shule, ule usiokatika.

Najua wataalamu wa saa humu mtapiga kelele, eti automatic na kutwanga wapi na wapi. Pigeni. Sisi hatukuwa na mtaalamu, tulikuwa na kinu.

Mzee Byamungu akatoa hukumu: saa ikae na mama. Mavuno yakiisha nirudi. Ikiwa hai, nichukue mke. Ikiwa imekufa, nisirudi tena na maneno.

Nikaondoka peke yangu. Nilishona wiki zile kama mtu anayekimbizwa.

Kabla mavuno hayajaisha, habari zikafika mjini kwamba wenye bunduki wamepita Kiringye. Sikumsubiri hata Mzee Kashindi. Nilichukua baiskeli.

Nikakuta mlango umeng'olewa. Mbuzi hakuna, mpunga uliokuwa umeanikwa hakuna. Sanduku la bati lilibebwa na kufuli yake, shati la Pasaka ndani. Watu walikuwa wazima, Mungu mkubwa, walikimbilia mashambani isipokuwa mama. Mama walimkuta kwenye kinu, akaendelea kutwanga. Walimwamuru awape chakula. Akawapikia.

Sasa mama akatoka jikoni. Akageuka upande kidogo kwa heshima, asinitazame, akapandisha mkono wa blauzi.

Inatembea.

Mzee Byamungu aliona aibu na furaha kwa pamoja, nilimwona. Akasema, "Nabintu, funga bintu byako." Lakini Nabintu alikuwa ameshasimama nje na kifurushi kichwani. Nililia, wakuu. Mtu mzima, mbele ya wakwe.

Mzee akanyoosha mkono ili sasa arudishiwe saa yake. Mama Nabintu akashusha blauzi.

"Weye uliilaza," akasema. "Minye naikulishaka."

Na ikawa hivyo. Aliivaa miaka yote. Vita ikaisha, ikarudi, ikaisha tena. Akaishusha mpaka kifundoni siku zile za utulivu kidogo, akaenda nayo shambani, sokoni Sange, kisimani, kanisani. Ilikwaruzika kioo chote. Hakuna fundi aliyewahi kuifungua.

Mama Nabintu alifariki baada ya kuugua muda mfupi. Tulikuwa matangani, asubuhi, wanawake wanaimba. Wale waliomwosha wakaleta vitu vyake kwenye sahani: pete, kitambaa cha kichwa, na ile saa.

Ilikuwa bado inatembea.

Mke wangu aliponiona naitazama, akaweka mkono mdomoni. Alielewa. Ule ulikuwa mwendo wa mkono wa mama yake, kile kidogo kilichobaki ndani.

Nikawaza, kesho itasimama, na hapo tutakuwa tumemzika mama mara ya pili.

Mzee Byamungu aliinuka kwenye mkeka. Tangu siku ya mahari hakuwahi kuivaa hata mara moja. Akaichukua kwenye sahani, akajifunga mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

"Hii ni yeye bado iko natembea," akasema. "Haitasimama mu nyumba yangu."

Leo ni mzee sana. Shamba ameacha. Lakini kila asubuhi anatoka, anazunguka ua akipunga mkono wa kushoto, anazunguka tena, jua au mvua. Wageni wanadhani ni mazoezi aliyopewa na daktari. Sisi wa nyumbani hatumwambii mtu.

Kwa hiyo ndugu uliyeuliza, jibu langu ni hilo. Chagua imara kuliko inayong'aa, halafu ivae. Itakwaruzika, ndiyo, na watu watakuambia unaiharibu. Waache. Ukiitunza kwa kuificha, wewe na mwizi hamna tofauti, wote mmeiondoa mkononi.

Haya, wenye saa zenu ndani ya makabati, niambieni mnazingojea zifanye nini. Na kama kuna mtu kwao mahari ilibadilika kwa sababu ya vita, atupe na yake, nitasoma zote.