Vumbi la Mwankoko na Mashine Yangu

Upepo wa Singida ukianza mwezi wa saba hauna adabu. Wewe unafunga madirisha, unapachika nyavu, unaziba chini ya mlango kwa shuka kuukuu, na bado jioni ukipitisha kidole juu ya meza unaweza kuandika jina lako. Mimi nimezaliwa humo, nimekula vumbi hilo tangu utotoni, ningelivumilia mpaka kufa. Asiyeweza kulivumilia ni mke wangu. Ana pumu, na vumbi likimwingia, kifua kinambana mpaka anaongea kwa kukatakata maneno.

Daktari wa mjini alimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo, ile ya pampu, kisha akanigeukia mimi. Alisema huyu mama asifagie, asikae kwenye chumba kinachofagiliwa, na zulia la sebuleni litoke. Zulia hatukulitoa. Najua wewe ungelitoa, kila niliyemsimulia alisema angelitoa, lakini nenda nyumba yoyote ya mtaani kwetu Mwankoko uone kama kuna sebule isiyo na zulia. Nikasema nitanunua vakyumu, ile mashine ya kufyonza vumbi, na kusafisha nitasafisha mwenyewe asubuhi kabla ya kwenda dukani kwangu mjini, ninakouza vipuri vya pikipiki. Mke wangu alinitazama akauliza nitaipata wapi hiyo mashine. Nikamwambia asinivunje moyo mapema.

Kulikuwa na jambo lingine lililonichosha kuliko vumbi. Mama yangu mzazi, anayeishi kijijini kule Ikungi, hakuamini kwamba mkwe wake anaumwa. Kwa mama, jua likichomoza kabla uwanja haujafagiwa, basi nyumba hiyo ina msiba au ina mwanamke mvivu, na kwetu msiba haukuwepo. Shida ni kwamba mke wangu, kifua kikiwa kimetulia, ni mtu mwenye afya yake, mnene kiasi, anayecheka mpaka jirani anasikia. "Huyu huyu mwenye mashavu haya ndiye mgonjwa?" mama alikuwa akiniuliza, na si kwa kunong'ona. Kila alipokuja kutusalimia kifua kilikuwa kimetulia, kana kwamba kinamwogopa. Mke wangu hakumjibu hata mara moja. Mimi ndiye niliyeambiwa, tena mara nyingi, maneno yale yale: "Mimi sitaki hata anipende. Nataka aniamini tu."

Basi nikaingia mjini kutafuta mashine. Duka la kwanza la vifaa vya umeme nilipotaja vumbi, muuzaji akaniletea blowa, ile ya kupuliza vumbi kwenye kompyuta. Nikamwambia ndugu yangu, nataka inayovuta. Akasema hii inapuliza, vumbi linatoka nje. Nikamuuliza linatoka kwenda wapi wakati hukohuko nje ndiko lilikotoka. Akacheka. Mimi sikucheka. Duka la pili walikuwa na picha yake kwenye simu, mashine yenyewe iko Dodoma, nilipie kwanza ndipo iletwe. Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo mama yangu angenikemea.

Duka la tatu zilikuwepo mbili. Moja kubwa, ina tumbo la pipa, ile wanayoitumia waosha magari, inavuta vumbi na matope na maji yote pamoja. Muuzaji alipoiwasha, watu waliokuwa wanapita barabarani waligeuka kuangalia kuna nini. Ya pili ilikuwa ndogo, nyekundu, ina mfuko wa karatasi ndani na magurudumu madogo. Nikachukua ndogo. Nilisema moyoni kwamba mke wangu ana maradhi ya kutosha, nisimwongezee na kichwa kuuma. Muuzaji akaniambia, "Bosi, hii ni ya vumbi kavu tu. Hata tone la maji usiipe." Nikamjibu kwamba kwa Singida hii, mtu mwenye maji ya kuchezea namtafuta na mimi. Nikapakia boksi kwenye bodaboda, nikalikumbatia njia nzima hadi Mwankoko.

Ukitaka kujua uvumilivu wako unaishia wapi, nunua mashine ambayo aliyeitengeneza hakukuwazia wewe. Plagi ilikuwa na miguu miwili ya mviringo, soketi zangu zote ni za matundu matatu. Nikafanya kama tunavyofanya wote, nikachomeka kalamu kwenye tundu la juu ili plagi iingie, mke wangu amesimama mlangoni ananiambia nitakufa. Mashine ikawaka. Ikavuta vizuri, siwezi kuisingizia, zulia likarudisha rangi ambayo tulikuwa tumeisahau. Nikafurahi kama dakika tano, umeme ukakatika.

Na ule mfuko wa karatasi. Vumbi letu si lile la kwenye matangazo, chembe mbili chini ya kochi. Letu ni mchanga. Mfuko ukajaa wiki ile ile, na nilipokwenda dukani kuulizia mingine, yule yule aliyeniita bosi akasema mifuko hawauzi, labda niagize. Nikampelekea fundi cherehani ule uliochoka, akanishonea wa kitambaa cha kanga. Nikauvalisha, nikawasha, mashine ikavuta vumbi kwa mbele na kulitoa lote kwa nyuma, likamfuata mke wangu mpaka jikoni. Alitoka nje mbio na pampu yake mkononi. Siku ile nilitaka kuitupa barabarani, naapa. Fundi akashona mwingine kwa kitambaa kizito, wa tabaka mbili, huo ukakaa sawa. Angalau kwa muda nikawa na kitu kinachofanya kazi, na kwa majuma kadhaa mke wangu alilala bila kukohoa. Nilianza hata kujisifu kwa wateja dukani.

Mama akaja baada ya mavuno, amebeba kuku, unga wa uwele na mlenda mkavu kwenye mfuko. Alifika asubuhi, bila kupiga simu, mlango uko wazi. Nilikuwa nimepiga magoti nasukuma mdomo wa mashine chini ya kochi. Nikazima.

"Shikamoo, mama," nikasema hukohuko chini.

"Marahaba. Umepoteza nini huko?"

"Nafagia, mama."

Akaweka mizigo chini polepole. "Mkeo yuko wapi?"

"Jikoni."

"Ana mikono?"

"Anayo, mama."

"Haya," akasema, akakaa. Mke wangu akatoka na chai, akapiga goti, akamwamkia, akaitikiwa kwa sauti ya kuitikia mpita njia.

Kuanzia hapo nyumba ikawa nzito. Nikiwasha mashine, mama anatoka nje anakaa kwenye kiti amenipa mgongo. Nikimweleza kuhusu pumu, anajibu kwa Kinyaturu kwamba yeye amelea watoto kwenye moshi na pumba za uwele na hakuna aliyekufa. Siku moja akaniuliza kabisa, mbele ya mke wangu, "Mwanangu, umelishwa nini?" Limbwata, ile dawa ya kumfunga mume, ndilo alilomaanisha, na sote watatu tulijua. Mke wangu akainuka akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa hata motoni. Nilikasirika, lakini mtu unamkasirikia vipi mama yako aliyetembea na kuku mpaka kwako? Unameza.

Siku chache baadaye, alfajiri, niliamshwa na sauti ya fagio. Shaa, shaa, shaa, kwa nguvu, sebuleni, juu ya zulia. Nilipofungua mlango vumbi lilikuwa limejaa chumba kizima. Mama alikuwa ameinama na fagio la nyasi alilokuja nalo mwenyewe, haangalii nyuma. Kabla sijasema kitu nikasikia mke wangu nyuma yangu. Pumzi yake ilikuwa inapiga filimbi. Nilimkalisha nje, ukutani, nikampa pampu, ikagoma kumsaidia haraka, nikampa tena. Alikuwa ameshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, midomo imepauka, macho yananitazama mimi na hana sauti ya kuniambia lolote. Nilidhani namzika. Mama alisimama mlangoni muda wote ule na fagio mkononi.

Ikaja kutulia jua limeshapanda. Mama hakuomba hata nauli ya kurudi. Alikaa tu. Nilichoka hata kugombana, nikaenda dukani kila siku nikiomba nisikute kitu kibaya nyumbani.

Nikakikuta. Nilirudi mchana kula, na tangu getini nikasikia mashine inanguruma vibaya, sauti ya kukabwa. Nikakimbia. Mama alikuwa amesimama katikati ya zulia, peku, ameshika bomba la vakyumu kwa mikono miwili, na zulia lote limelowa. Bakuli la maji liko pembeni. Kulikuwa na harufu ya waya unaoungua. Nikang'oa plagi ukutani na ile kalamu ikaruka. Nikaifungua mashine. Mfuko ulikuwa tope tupu, tope lilikuwa kwenye chujio, na maji yanachuruzika kutoka kwenye mota. Mimi nashinda na mota na koili dukani, najua kitu kilichokufa kinavyonuka.

Nilimpigia mama yangu kelele. Sijawahi kufanya hivyo maishani na nilifanya siku ile, kwa sauti ambayo mtaa ulisikia. Nilimwambia ameua mashine, angekufa na yeye kwa umeme, miguu imelowa hivyo, na kwamba mtu kwao anafagia anavyotaka lakini kwangu aliyemruhusu kumwaga maji ni nani.

"Kwani wewe unafagia pakavu?" akaniuliza. Hakupandisha sauti.

Kwetu hakuna afagiaye pakavu. Unachota maji kwenye bakuli, unanyunyiza kwa vidole, unasubiri kidogo vumbi lilale, ndipo unafagia. Mtoto wa kike anafundishwa hilo kabla hajafundishwa kupika.

"Siku ile nilifagia pakavu," mama akasema. "Maji yalikuwepo. Nilikuwa na hasira na mkeo, nikasema sinyunyizi, nifagie kwa nguvu alisikie fagio huko alikolala. Nikakiona kile nilichokiona." Akafuta mikono kwenye kitenge, ikabaki imelowa vilevile. "Leo nikasema nitumie hiki kidude chenu, ila nililaze kwanza vumbi vizuri, lisimfikie. Nimenyunyiza maji mengi."

Hapo ndipo nilipoona mlango wa chumbani. Ulikuwa umefungwa, na chini yake mama alikuwa amesokomeza kitenge chake kipya, kile cha kuendea kanisani, akaziba upenyo wote. Mke wangu akausukuma mlango, kitenge kikakwama, akasukuma tena, akatoka. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Baba, basi," akaniambia. "Inatosha."

Nikamwambia mashine imekufa. Nikamwambia haitengenezeki, na upepo ndio kwanza umeanza, atavuta nini kesho. Nilitaka mtu mmoja tu humo ndani akubali kwamba nina haki ya kukasirika. Mke wangu hakunitazama. Mama naye alikuwa amenipita, anamwendea yeye, anaacha nyayo za maji kwenye zulia.

"Mwanangu," akamwambia, na hilo jina alikuwa hajawahi kumwita, "hebu nionyeshe. Kinakubana wapi?"

Mke wangu akaushika mkono wa mama, ule uliolowa, akauweka juu ya kifua chake na kuukandamiza kwa mkono wake mwenyewe. "Hapa, mama," akasema. "Panapobana ni hapa."

Mama akainamisha kichwa, ametulia, anasikiliza kwa kiganja. Mimi nilikuwa bado nimeshika mashine, tope linanidondokea miguuni.

"Kinalia," mama akasema, na mkono hakuutoa.