Nembo ya Keya yenye pini

Leo nimemkwaruza babu wa watu kwa kisu, na alishakufa zamani.

Mnanijua. Kwa nembo za kofia za askari wa mkoloni, Joburg nzima hakuna wa kunifundisha. Shule niliishia la sita, lakini shaba naisoma kama gazeti.

Asubuhi kaja mama mmoja Mkenya kwenye meza yangu ya vitu vya kale, pale mjini. Kafungua leso, katoa nembo ya Keya, lile jeshi la Mwingereza walilopigania babu zetu. Baragumu, na namba katikati.

"Siuzi," akasema. "Niambie tu kama ni ya ukweli."

Hauzi? Hapo hapo nikamshuku.

Nikaigeuza. Nyuma kuna pini. Jamani, nembo ya kofia huwa na ulimi wa kuchomeka kwenye kitambaa. Nikatoa kisu, nikaikwaruza ukingoni nione ni madini gani.

"Mama, hii feki. Hii ni bruchi, pambo la kubandika kwenye gauni."

Akanitazama. "Kofia haikurudi, kijana. Wala babu. Tuliletewa hii peke yake. Nyanya akamwambia fundi aiwekee pini, awe anaivaa kanisani."

Eish.

Nikaangalia mkwaruzo wangu. Shaba safi kabisa.

"Ni yenyewe, mama. Nisamehe, nimeitia alama."

Akaifunga kwenye leso taratibu. "Nitawaambia wajukuu, pini ni ya nyanya, na huu mkwaruzo ni wa mjuaji mmoja wa Joburg."

Haya, nichekeni. Ila nani mwingine humu ameingia kwenye ukoo wa watu kwa kisu?